Mkwe, Nirudishie Wezi Wangu wa Rezo

Kimanga, Uvira
Jumapili, baada ya mvua

Kwa mkwe wangu mheshimiwa Ayoubu,
Fundi wa kompyuta, Baraka.

Mkwe wangu,

Pokea kwanza salamu zinazomstahili mwanamume aliyemwoa binti yangu mchana kweupe, mbele ya watu, na ambaye hadi leo hajawahi kunitazama usoni ninapokula. Adabu yako inajulikana mpaka huku, na ndiyo maana nakuandikia. Mama mkwe hamgombezi mkwe kwa simu. Simu hupandisha sauti, na sauti ikishapanda haijui nikaha wala undugu. Karatasi haipandishi sauti. Kwa hiyo yote yaliyomo humu uyasome polepole na kwa upole, kama ninavyoyaandika, ingawa utaona kalamu imetoboa karatasi sehemu mbili tatu.

Mimi ni mzima. Duka la vitenge linaendelea. Ruta, kile kisanduku cha intaneti, ni mgonjwa, na ugonjwa wake umetokana na mkono wako.

Nikukumbushe jinsi mambo yalivyoanza, usije ukasema mzee amechanganya. Ulipokuja Idi pamoja na mkeo Dalila, ulikuta baraza langu limejaa watu: vijana wa pikipiki, mwalimu wa shule ya Katogota aliyekuwa akishusha masomo ya darasa lake, akina mama waliotoka sokoni, kila mmoja ameinamia simu yake kama anasoma dua. Ukaniuliza kama wote hao ni wageni wangu. Nikakujibu hapana, wanavuta rezo tu, intaneti ya ruta yangu, kisha wanaenda zao. Ukaruka kama mtu aliyeona nyoka kwenye mkeka. Ukasema, "Mama, hawa ni wezi!"

Nilikuachia, kwa sababu wewe ndiye uliyesoma. Lakini mwizi ninayemjua mimi huingia bila kusalimia. Hawa walianza kunisalimia tangu kwenye kona. Waliulizia goti langu. Mvua ikinyesha waliingiza vitenge vyangu ndani kabla sijainuka. Aliyekuwa na ndizi alikata kichana akaniachia. Nikawaza moyoni: kama huu ndio wizi, basi nimeibiwa vizuri.

Ukaingia chumbani, ukachomoa ruta, ukaiunganisha na kompyuta yako. Ulinieleza kwamba programu ya kiwandani ni dhaifu, na kwamba wewe unayo nyingine, ya kuchonga, iliyotengenezwa na mafundi wa dunia nzima kwa kujitolea. Kazi yenyewe ukaiita kwa Kifaransa mizajuru, yaani kuisasisha. Taa zikazima, zikawaka, zikawaka tena kwa rangi ambayo ruta ile haijawahi kuwa nayo tangu inunuliwe. Ukajipangusa mikono, ukasema, "Mama, sasa hakuna atakayeingia."

Mkwe, wewe si mwongo. Hakuna aliyeingia. Hata mimi.

Sasa nakuletea malalamiko yangu kwa namba, kama mnavyopenda nyinyi watu wa kompyuta.

1. Lalamiko la kwanza ni juu ya jina langu. Kabla ya mizajuru, mtu yeyote aliyefungua simu katika barabara yetu alisoma jina la rezo yangu, MAMA RIZIKI KIMANGA, kwa herufi kubwa. Jina hilo lilifika mpaka kituo cha pikipiki. Siku ambayo hakuna mawingu lilivuka hata barabara kuu. Marehemu baba yangu alifanya biashara ya ziwani maisha yake yote, na jina lake halikufika pale bila yeye mwenyewe kutembea. Programu yako ililifuta jina langu ikaweka lake, herufi na namba zilizochanganyika kama kibao cha namba cha gari la serikali.

Matokeo ni haya. Jean-Marie, yule kijana wa pikipiki aliyewaleta na mizigo yenu, alipita hapa, akafungua simu, hakuniona. Akawauliza wenzake. Mmoja akasema pengine nimehama. Mwingine akasema mtu wa umri wangu hahami. Magharibi ilipoingia nikasikia hodi. Nikafungua nikiwa nimejifunika kanga kichwani, maana nilikuwa najiandaa kusali, na giza lilikuwa limeanza. Jean-Marie alisimama pale na wenzake, kofia mkononi, mfuko wa sukari kifuani. Alidhani mimi ni dada wa marehemu.

"Pole sana, mama," akaniambia. "Mama Riziki tulikuwa tunamupenda."

Nikamwuliza, "Alikufa na nini?"

"Rezo yake ilikatika gafula," akasema, na machozi yakamlengalenga.

Sukari niliipokea. Mtu hawezi kukataa sukari ya matanga yake mwenyewe. Lakini nilipojifunua uso, kijana mmoja alikimbia mpaka leo hajarudi kuchukua kandambili zake. Ziko hapa. Sijui nimpe nani.

2. Lalamiko la pili ndilo zito. Lisome ukiwa umekaa.

Neno la siri uliloniwekea si neno. Neno ni kitu ambacho mtu anaweza kukitamka akiwa amekasirika. Hili lina nyota, lina alama ya kuuliza katikati bila kuuliza chochote, lina herufi kubwa zilizojificha kati ya ndogo kama wadaiwa. Mlirudi Baraka, nami nikabaki nje ya nyumba yangu ingawa nimo ndani. Nikakupigia simu. Utakumbuka uvumilivu wangu. Ulitaja herufi moja moja, nami nikarudia kwa sauti: kubwa, ndogo, kubwa, nyota, ndogo. Tukikosea, tunaanza upya.

Wakati huohuo, nje ya mlango alikuwapo Mukarusanga. Humfahamu vizuri, basi ngoja nikueleze. Mukarusanga ni mama wa Rurambo, kule juu mlimani, mfugaji, Mprotestanti asiye na mzaha. Siku ya soko huteremka na maziwa na siagi, na akishauza huja kukaa barazani kwangu. Kule kwao simu yake ni tochi tu. Hapa kwangu inakuwa dirisha: anamwona binti yake Uwituze, aliyeolewa Lubumbashi. Mimi nampa chai, yeye ananiachia maziwa, na pamoja tunawasema mabinti wetu walioolewa mbali. (Wewe tunakusema mara chache.)

Siku ile hakuja kwa mazoea. Uwituze alikuwa amejifungua, na huyo ndiye mjukuu wa kwanza. Bibi aliteremka mlima mzima kwenye matope ili aone uso wa mtoto. Akapiga hodi. Nami, sikio likiwa kwako, nikapaza sauti, "Ngoja kidogo!" Akangoja. Wewe ukasema nyota. Nikaandika nyota. Ukasema hapana, mama, ile nyota nyingine.

Tulipomaliza na simu yangu peke yake ikakubali kuingia, nikatoka mbio na chai ya watu wawili. Barazani hakukuwa na mtu. Kulikuwa na alama ya fimbo yake tu kwenye udongo.

Siku ya soko iliyofuata alipita upande wa pili wa barabara, bidoni, lile dumu lake la maziwa, mgongoni, anatazama mbele kama askari. Nikamwita kwa jina. Hakugeuka. Mkwe, mimi nimezika mume, nimezika kaka, lakini hao walinipita wakiwa wamebebwa. Hakuna aliyewahi kunipita kwa miguu yake mwenyewe. Nilirudi ndani nikakunja vitenge vilivyokwisha kukunjwa.

3. La tatu ni jepesi kidogo, linahusu dini tu.

Programu yako ilipouliza saa za mahali, wewe ulichagua Kinshasa. Nakuelewa. Ni mji mkuu, na wewe ni raia mwema. Lakini hata mtoto wa shule ya msingi wa hapa anajua kwamba saa ya Uvira inaitangulia ya Kinshasa. Na kwa kuwa uliiamuru ruta ilale usiku na iamke alfajiri, ikawa inaamka kwa alfajiri ya Kinshasa. Nyumba yangu ni moja, alfajiri zake zikawa mbili.

Yupo sheikh ninayemfuata kwa simu. Anatoa darsa kila siku baada ya sala ya alfajiri. Ruta ilipoamka, ikajinyoosha, ikawasha taa zake za kijani, sheikh alikuwa amekwisha kumaliza. Kwa siku nyingi nilifungua simu nikasikia "Amin" peke yake. Sijui kama mtu anaweza kuingia peponi kwa kuitikia dua asizozisikia. Umeniweka kwenye hatari ambayo hakuna fundi anayeweza kuitengeneza. Na jioni, kwa sababu hiyohiyo, ruta ilichelewa kulala. Ilichelewa kulala, ilichelewa kuamka! Ingekuwa kijana wangu, ningemtafutia kazi.

4. Lalamiko la nne nimelikata kwa kalamu, kwa sababu lilimhusu mama yako.

5. Kwa kuwa nilipokupigia tena hukupatikana, nilimwita Gracien, fundi wa simu wa hapa Kimanga. Gracien ana kibanda chenye maandishi makubwa kuliko kibanda. Aliitazama ruta, akaitikisa karibu na sikio, akatikisa kichwa pia.

"Hii iko programu ya kuchonga," akasema. "Muntu aliyeweka hii anapenda sifa."

Nikamwambia ni mkwe wangu. Akasema ndiyo, inaonekana ni kazi ya muntu mwenye akili nyingi. Kisha akanieleza: "Lakini usiogope, mama. Iko na tundu ya siri huku nyuma. Minye natia pini, inasahau yote, inarudi kama siku ya kuzaliwa."

Akatia pini. Taa zikapepesa kama macho ya mwenye homa. Na kweli, ruta ilisahau yote. Ilisahau neno la siri, ikasahau Kinshasa, na ikasahau kwamba kazi yake ni kutoa rezo hewani. Kwenye simu hapakuonekana tena hata lile jina la kibao cha gari. Kumbe programu hiyo ikisahaulishwa inajifungia hewa yake yenyewe, mpaka aje mtu aingie kwa waya na kuifungua. Kabla ya hapo walikuwa wamefungiwa majirani zangu. Baada ya Gracien, nikafungiwa hata mimi mwenyewe.

Akaleta waya na kompyuta yake. Bado hakuna kitu. Alihangaika, akatoa jasho, akaomba chai, akaomba sukari (nilikuwa nayo nyingi), mwishowe akagundua. Akasema antena iliyo juu ya bati, inayoileta rezo, na ruta iliyo chumbani zote mbili zinajiita kwa namba ileile, basi kompyuta ikiita, haijui nani aitike.

Hilo nililielewa kabla hajamaliza. Baba yangu alikuwa na wake wawili, na wote wawili waliitwa Mwamini. Baba akiita, "Mwamini! Maji!" wote wanaitika, na hakuna anayeleta. Yule mzee aliishi na kiu. Nikamwambia Gracien, "Badilisha jina ya mudogo." Akanitazama, akabadilisha namba ya ruta, na rezo ikaja.

Lakini ilikuja kwa waya. Mahali pa kuwashia hewa hakupaona, kwa sababu maandishi ya ndani ni ya lugha ambayo yeye aliiita Kichina. Mimi nimeuza vitenge vya Kichina miaka mingi, na naapa kile si Kichina. Akakunja kompyuta yake, akasema atarudi kesho. Kesho zimepita kadhaa.

Na waya wenyewe ni mfupi, mkwe. Unaanzia kwenye ruta na kuishia kwenye mguu wa kitanda changu. Maana yake rezo ya nyumba hii sasa inapatikana mahali pamoja tu, napo ni kitandani kwa mjane. Ulitaka kuilinda heshima ya nyumba. Sasa nisaidie: mwalimu wa Katogota akija kushusha masomo yake, nimwambie apite wapi?

6. Lalamiko la sita. Wezi wangu wameibwa.

Ng'ambo ya barabara anakaa Donatien, muuza bia kwa makreti. Yeye pia ana ruta, ya zamani, yenye programu yake ya kiwandani, na haina neno la siri. Asikudanganye mtu kwamba ni ukarimu, ni uvivu. Siku uliponifungia, watu wote wa barazani kwangu walihamia ukutani kwake kama ndege waliohamishwa mti. Vijana wa pikipiki. Mwalimu. Akina mama wa soko. Sasa Donatien ndiye anayesalimiwa kuanzia kwenye kona. Donatien ndiye anayeulizwa habari za goti, na goti lake halijawahi kuuma! Nimemwona kwa macho yangu anapokea kichana cha ndizi. Alikipokea kwa mkono mmoja.

Nilikwenda kwa shefu wa avenyi, mkuu wa barabara yetu, kushitaki. Akatoa kalamu, akaniuliza, "Wamekuiba nini, mama?"

"Wezi," nikajibu.

"Hapana, nauliza wezi walikuiba nini."

"Hawakuniiba. Wao ndio waliibwa."

Akaweka kalamu chini, akanitafutia maji ya kunywa. Nikamweleza kwa utaratibu: mkwe wangu, mtu aliyesoma, alithibitisha kwamba wale ni wezi. Walikuwa wezi wa kwangu, jambo ambalo barabara nzima inalishuhudia. Basi mtu aliyewachukua bila kuniuliza ni mwizi wa wezi, na haiwezekani sheria ya nchi kubwa kama hii ikose kifungu chake. Shefu akasema jambo hili ni geni, atalichunguza. Mchana uleule nilimwona akilichunguza: alikuwa ameegemea ukuta wa Donatien, anatazama mpira kwenye simu.

Na unajua wanakalia nini? Baraza langu lilijengwa na babu yangu, nalipaka chokaa kila Idi. Kwa Donatien wanakalia makreti ya bia. Hata Mukarusanga nikamwona hapo. Mwanamke ambaye kanisani kwao hata soda yenye povu jingi inatazamwa kwa mashaka! Alikuwa amekalia kreti, amejifunga shuka lake vizuri, bidoni katikati ya magoti, anapekua simu kwa kidole kimoja.

Hapo nikashindwa. Nikavaa baibui, nikavuka barabara. Vijana wa pikipiki wakavuta miguu kunipisha. Donatien akaingia ndani kutafuta kitu ambacho hakikupotea. Nikasimama mbele ya Mukarusanga, naye akainua macho.

"Weye ulinifungia, Riziki," akaniambia.

"Minye? Minye sikufunga kitu."

"Nilipiga hodi, ukasema ngoja. Nikangoja na baridi. Nikasikia uko unasema kubwa, ndogo, kubwa, ndogo. Nikajua: Riziki iko napanga masufuria yake, haiko na haja tena ya muntu wa mulima."

Mkwe, nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nikamwambia, "Haikuwa masufuria. Ilikuwa kode ya rezo. Mukwe wangu alikuwa ananisomea kwa simu. Hata minye alinifungia."

Akashusha simu. "Mukwe alikufungia mu nyumba yako?"

"Mu nyumba yangu."

"Na weye unamupikia?"

"Kila Idi."

Akajifunika mdomo kwa ncha ya shuka. Mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka bidoni ikalala, nami nikaidaka. Kisha akasogea kwenye kreti lake, akapiga nafasi iliyobaki kwa kiganja. "Ikala," akaniambia.

Nikakaa. Naandika haya nikijua kwamba malaika nao wameandika: mimi, Riziki binti Tariki, nimekalia kreti la bia. Lilikuwa tupu. Mashahidi wapo.

Bado alikuwa hajamwona mtoto, maana siku ya soko iliyotangulia rezo ya Donatien ilikuwa imelemewa na watu. Tukapiga pamoja. Uwituze akatokea, amechoka, amependeza, akageuza simu. Mtoto alikuwa amelala, ngumi imefungwa, mdomo unanyonya hewa. Mukarusanga akasema maneno ya kwao, akayarudia, akanyoosha kidole kumgusa shavu, na picha ikapotea. Tukapiga kelele sote wawili mpaka Jean-Marie akaja mbio kuirudisha. Iliporudi, mtoto alikuwa amefumbua jicho moja. Nikaona nimemshika Mukarusanga mkono na sijui tangu saa ngapi. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, kisha nikakumbuka kwamba ninamshukuru kwa rezo ya Donatien, nikakasirika upya.

Na hili ndilo lalamiko la saba, ingawa sikulipanga. Ulinifundisha kwamba mtu anayekaa kwenye ukuta wa mwenzake na kuvuta rezo yake ni mwizi. Basi tambua, mkwe, kwamba umeoa kwa mwizi. Uwaeleze ndugu zako mapema, wasije wakalisikia sokoni.

Kwa hayo yote, kwa heshima na unyenyekevu, naomba yafuatayo. Upande gari la kwanza linalokuja Uvira. Uondoe programu ya kuchonga na kuirudisha ya kiwandani, ile dhaifu. Jina langu lirudi kwa herufi kubwa, na ukiweza liwe kubwa zaidi, lifike ziwani. Kisha usimame juu ya baraza, si chini yake, uwatangazie watu wa barabara hii kwamba mama mkwe wako hakumfungia mtu yeyote. Na wezi wangu unirudishie wote, bila kupungua, kama ulivyowakuta, na viatu vyao vikiwa vimepangwa mlangoni.

Usipofanya hivyo, itanibidi nitumie elimu niliyoipata kwa Gracien. Amenifundisha kwamba kitu chochote kinaweza kurudishwa kilikotoka, kikasahau yote yaliyopita. Dalila alitoka kwangu. Pini haihitajiki. Inatosha nimpigie simu nimwambie nina homa.

Nisalimie mama yako, na usimwonyeshe namba nne, anaweza kuisoma kwa kuigeuzia mwangani. Nisalimie Dalila, mwambie kitenge chake cha maua nimemwekea pembeni. Wasalimie majirani wenu, wenye rezo na wasio nayo. Mukarusanga anakusalimu pia. Amesema anatamani sana kukuona, lakini alikuwa anacheka alipokuwa akisema, kwa hiyo jiandae.

Ni mimi, mkwe wako unayeniheshimu,

Riziki binti Tariki,
aliye hai.

N.B. Bahasha nilikuwa nimekwisha kuigundisha, nimeichana tena. Donatien amekuja. Amevuka barabara mwenyewe, amevua kofia. Anasema hawezi tena. Simu yake mwenyewe haipati hata nafasi ya kutuma ujumbe, kwa wingi wa watu. Wanywaji wake wamekimbia, kwa sababu hakuna mwanamume anayeweza kufungua chupa mbele ya mwalimu wa mtoto wake na mama wa kanisa mwenye bidoni ya maziwa. Makreti hayauziki, yote yamekaliwa. Akaniuliza kwa sauti ya chini ni fundi gani aliyeifunga rezo yangu vizuri hivyo, hata mwenyewe asiweze kuingia.

Nikamjibu kwa moyo mweupe kwamba ni mkwe wangu Ayoubu, na kwamba kutoka hapa mpaka Kalemie hakuna anayeweza kufunga kitu kama yeye. Ile programu ni ya dunia nzima, nikamwambia. Haina kasoro.

Kwa hiyo, mkwe wangu mpenzi, hayo ya juu yasikucheleweshe. Njoo nayo, hiyohiyo, usiibadilishe chochote, nyota zote mbili ziwemo. Umfungie Donatien kwanza, na umfunge vizuri. Yangu utaifungua baada ya chai. Yeye nimemkalisha hapa barazani, anapuliza kikombe chake, na nimekwisha kumwambia kwamba uko njiani.